Kopo la Mchele la Mwinjilisti

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Guangzhou, China. Aliyepiga ni mfanyabiashara mwenzangu wa Mbeya, mtu wa maneno mengi, lakini safari hii alikuwa na machache. "Yule Mwinjilisti wetu wa Kihindi amefariki. Amekutwa chumbani kwake jana." Simu ya nchi za nje inakimbia hela, nami nikauliza swali ambalo yeye aliliona la kipuuzi: "Kopo lake lilikuwa na mchele?" Akasema, "Limejaa pomoni. Kwani vipi?" Nikaaga, nikakata simu. Ninyi mliozoea kunisoma hapa nikigombana na bei za vitenge na foleni za bandarini, leo mnivumilie. Nina aibu yangu mwenyewe ya kusema, na nimeona niiseme kabla sijazoea kuishi nayo.

Marehemu alikuwa mtu wa kijijini, kutoka vilima vya kaskazini-mashariki mwa India, ambako Wakristo ni wengi kuliko tunavyodhani sisi tunaoamini kila Mhindi amezaliwa nyuma ya kaunta ya duka. Huko alikuwa mtumishi wa kanisa. Alihudumia vijiji vitatu kwa miguu, akipanda na kushuka milima na mwavuli wake. Alifundisha watoto kusoma, alizika, aliwasomea wagonjwa Zaburi, na jioni alipalilia kishamba chake cha tangawizi. Nilipomfahamu mimi alikuwa ameshauacha utumishi ule na ameajiriwa na wakala wa kusafirisha mizigo mwenye ofisi kwenye jengo la Tianxiu. Kazi yake ilikuwa kuandika marobota kwa brashi na wino mweusi: jina la mwenye mzigo, bandari, namba. Kiswahili alikiokota kwetu wateja, neno leo, neno kesho, na aliita kila mwanamke dada. Sisi tulimwita Mwinjilisti. Alilikataa jina hilo mpaka akachoka.

Safari yangu ya kwanza Guangzhou ilinitia adabu. Siku ya tatu, nikiwa barabara ya Guangyuan Xilu katikati ya wachukuzi wanaokokota mizigo bila kuangalia wanamgonga nani, mtu aliuchana mkoba wangu kwa wembe. Pasipoti ikaenda na kila kilichokuwa pamoja nayo. Wiki tatu nilisubiri hati ya kunirudisha nyumbani. Mchana nilikwenda kukaa ofisini kwa yule wakala, juu ya marobota, najifanya nasubiri mzigo. Siku ya pili Mwinjilisti akaweka brashi chini, akaniuliza, "Dada, umekula?" Mimi nimezaliwa Singida, nimelelewa kwamba chakula cha watu hukipokei mara ya kwanza. Nikasema, "Nimeshiba, kaka, asante." Akanitazama. "Mimi sikuuliza kama umeshiba. Nimeuliza kama umekula." Jamani, nililia pale pale, mtu mzima na akili zangu, wateja wananitazama. Akanipeleka kwake, uchochoroni huko Xiaobei, ghorofa ya sita bila lifti, akanipikia wali na mboga za majani zenye pilipili ya kumtoa mtu kamasi. Muda wote aliuacha mlango wazi, majirani wasije wakasema.

Mchele ule hakuuchota kwenye mfuko uliokuwa sakafuni. Aliutoa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Mimi nikiona kitu lazima niulize, nikauliza. Akanieleza kwamba kwao, mama akishapima mchele wa familia yake, kabla hajautia sufuriani huchota konzi moja na kuiweka kando. Kila nyumba hufanya hivyo, hata ile yenye njaa. Mwisho wa wiki konzi hizo hukusanywa kanisani, na ndizo zinazowalisha watumishi. "Mimi nimelishwa na mikono ya akina mama miaka kumi na moja," alisema. Kisha siku moja alimtembelea mjane mmoja, akamkuta anawachemshia watoto mizizi ya porini, na kando ya jiko kuna konzi ya mchele, imefunikwa vizuri. Alijua ni chakula chake yeye. Akamsihi yule mama aipike. Mama akakasirika kwelikweli: "Hiyo si yangu tena. Ukituonea huruma, ingia wewe uipike." Basi akavua viatu, akaingia, akaipika, akawapakulia watoto. Ndiyo sheria yao: aliyeweka kando haigusi tena kwa tumbo lake mwenyewe, hata afe. Akipatwa na shida, mwingine lazima aingie jikoni kwake ampikie. Tangu siku hiyo, alisema, chakula cha utumishi kilikuwa kinamkwama kooni, akaaga, akatafuta kazi ya mikono iliyomfikisha mpaka China. Na kila alipopika, hata peke yake, aliweka konzi yake kwa ajili ya mgeni mwenye njaa. Kuhubiri huku alikuwa haruhusiwi. "Lakini kupika hawajanikataza," alisema, akacheka.

Nilikula kutoka kopo lile wiki tatu nzima. Niliporudi Guangzhou mwaka uliofuata, mambo yangu yamenyooka, nikataka kumshukuru. Tulikuwa tunakutana chumbani kwake Jumapili, Watanzania watatu, Mkongo mmoja na wanafunzi wawili, tunaimba kwa sauti ya chini. Nikawahi mapema na mfuko wa mchele wa kilo ishirini na tano, wachukuzi wawili wamenipandishia. Yeye yuko bafuni, mimi namimina mpaka kopo likafurika. Alipotoka akaliona. "Nani amefanya hivi?" Nikajibu kwa fahari zote, "Mimi hapa, kaka." Nilitegemea ashangilie. Akakaa kitandani taratibu. "Sasa dada, mimi konzi yangu nitaiweka wapi?" Siku ile alipika mchele wangu wote aliouweza, akatulisha sisi, akalisha jirani Mchina na mama yake, uliobaki akawagawia wanafunzi wakauchukua. Jumatatu akaanza tena na kopo tupu, konzi moja. Mkongo alinitania mwezi mzima, ananiita mama wa gunia. Nilichukia, nisiwafiche. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilimletea desturi ya makanisa yetu, ambako mtu husimama mbele na bahasha, jina lake likasomwa kwa kipaza sauti, tukampigia makofi na yeye akarudi kwenye gari lake. Hatuulizi kama nyumbani kwake sufuria imepungua. Yeye alipunguza sufuria yake mwenyewe, na hakuna aliyempigia makofi.

Halafu biashara ikachangamka, na sisi nayo. Nikaanza kununua soko la nguo la Shahe kwa mamia ya dazeni, nikapata simu ya mkononi, nikajifunza kumwambia mwenye duka laoban, bosi, na kugeuka niondoke akikataa bei yangu. Miaka hiyo hiyo wenzetu waliokuwa Bangkok na Jakarta walianza kuingia Guangzhou wamechanganyikiwa, pesa za kule zimeanguka, mitaji imeyeyuka mikononi. Wengi walipanda zile ghorofa sita. Kopo halikukaa na kitu. Mwinjilisti akawa anakonda, na sisi, watu wa ovyo, tukamfanya mzaha. "Mwinjilisti, wewe Kwaresima yako haiishi?" Akacheka nasi. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba kwenye chakula cha mtu mmoja ukitoa konzi mbili au tatu, kinachobaki ni uji mwepesi. Nami Jumapili nikawa naenda moja, naacha mbili. Nilikuwa na shughuli, si ndivyo tunavyosema.

Wiki mbili kabla ya simu ile, nikiwa bado Guangzhou, nilisikia hajaonekana kazini. Nilipanda kumwona nikiwa katikati ya mizunguko yangu, dereva ananisubiri chini tuwahi Shahe mzigo ukafungwe. Nilimkuta amelala, kifua kinakoroma, macho yameingia ndani. Watu walikuwa wameacha kuja kula kwake kwa kuogopa kile kikohozi. Jiko lilikuwa baridi. Ule mfuko wa mchele wa sakafuni ulikuwa mtupu, ameukunja vizuri. Na juu ya kabati kopo limejaa. Niliona vyote hivyo. Nisije nikajidanganya, na nisiwadanganye ninyi, kwamba sikuona au sikuelewa. Sheria ile alinieleza mimi, nikiwa nakula wali wake. Nilijua hawezi kuligusa kopo, na nilijua chumba kizima kilikuwa kinasubiri mtu mmoja tu avue viatu aingie jikoni. Wali hupikwa kwa nusu saa. Niliweka machungwa na dawa ya kikohozi kwenye stuli, nikasema, "Jumapili nitakuja, kaka, tutakaa vizuri." Jumapili nilikuwa nafunga mizigo. Jumatatu nikapanda ndege.

Daktari amesema ni homa ya mapafu. Sisemi mtu huyu amekufa kwa njaa, na pengine sahani yangu isingemwongezea hata siku moja. Ninachosema ni kwamba alilisha nusu ya Waafrika waliopita Xiaobei, na alipougua kila mmoja wetu alidhani mwenzake amekwenda. Bosi wake anawatafuta ndugu zake huko milimani, na kopo, nimeambiwa, mwenye nyumba amelimwaga akawekea misumari. Yule wa Mbeya aliniuliza tena kwa nini niliulizia mchele. Nikamwambia yote. Akasema, "Dada, mimi pia nilipanda kumwona. Nilimpelekea soda."

Kila mtaa una mtu wa namna hii, na kila kanisa na msikiti, yule ambaye kwake hukosi cha kula. Tumemzoea hata tumesahau kwamba naye ana tumbo. Usimpelekee gunia, wala soda, wala ahadi ya Jumapili. Nenda kwake leo, bila kualikwa, uwashe jiko, na ukae mpaka amalize kula. Mimi nimejifunza wakati yeye hayupo tena. Siku ile ya mwisho, kabla sijaondoka, alijiinua kidogo juu ya mto, akaniuliza lile swali lake, "Dada, umekula?" Nikamwambia, "Nimekula, kaka," nikachukua mkoba wangu. Yeye sikumuuliza.