Onyo la Rangi ya Njano

Mama alipokuja Nakuru kunitembelea kutoka Elburgon, alikaa kando yangu nikifanya kazi kwa kompyuta. Kila nilipounda upya programu niliyokuwa nikiiandika, maandishi ya njano yalijitokeza kwenye skrini: Onyo.

"Tangu asubuhi unaonywa," akasema, "na husikii. Vile tu ulivyokuwa ukiwa mdogo."

Nikamweleza kwamba onyo hilo lilihusu toleo la zamani la programu hiyo, ambalo kazini tuliacha kulitumia kitambo.

"Basi si uliondoe?"

Nikafungua faili ya mipangilio, nikafuta mistari ya toleo hilo, nikaunda programu tena. Hakuna njano iliyotokea.

"Na wewe, Mama," nikamtania, "mbona bado unanikataza kucheza karibu na kile kiwanda cha mbao cha Elburgon, na kilishafungwa?"

"Onyo langu usiguse," akajibu, akaenda kupika chai.