Hodi Ndani ya Shangingi

Kwanza niwatoe wasiwasi: haikuwa usiku, sikuwa na homa, na sikuwa nimetoka zamu. Nasema hivyo kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki hunitazama kwa huruma, halafu huniuliza kama siku hizi nalala vizuri. Nalala vizuri sana, ahsante. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazee. Nimewafumba macho watu wengi na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudia, kwa hiyo mtu asije kunifundisha tofauti ya mzee aliye hai na asiye hai. Kwamba siku ile sikuiona tofauti hiyo, ni kweli. Lakini nisikilize mpaka mwisho, halafu ucheke ukitaka.

Tunaishi Ilford, mashariki mwa London, mimi na mume wangu na mama yangu mzazi, niliyemleta kutoka Tanga baada ya baba kufariki. Mama ana nyonga mbovu. Gari tulilokuwa nalo lilikuwa la kukodi kwa mkataba wa miaka, dogo, la chini, zuri kwa mtu anayekwenda disko. Kumwingiza mama mle ilikuwa vita. Anaanza kwa kukaa, anadondoka kama gunia, kisha mimi namwingiza mguu mmoja, halafu wa pili, huku yeye akisoma kila dua anayoijua. Kushuka ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Ijumaa moja nje ya msikiti wanaume wawili walikuja kumvuta mikono, kwa nia njema kabisa, na mtandio ukamvuka kichwani mbele za watu. Tangu siku hiyo mama akasema hatoki tena. "Niacheni nyumbani. Mie mzigo." Akawa anakaa dirishani kutwa, anaangalia mabasi.

Mkataba ulipokaribia kwisha, mume wangu akataka tuchukue lingine dogo, la umeme. Nikamwambia safari hii nataka shangingi. Akacheka. Nikamwambia sitanii, nataka shangingi kubwa lenye siti za ngozi na mlango mpana.

"Watu watasema tunajionyesha," akasema.

"Waache waseme, midomo ni yao. Wewe unatafuta gari la kuegesha. Mimi natafuta la kumtoa mama dirishani."

Basi nikaenda peke yangu kwa wauza magari, kwenye barabara ya kuelekea Romford. Ilikuwa Januari, baada ya chakula cha mchana. Muuzaji alikuwa na suti iliyombana na tabasamu lisilokwisha, na kila nikimuuliza habari za siti, ananijibu habari za spika. Nikimuuliza mlango unafunguka kiasi gani, ananionyesha kioo cha dereva kinachong'aa kama televisheni. Akaniapia kwamba gari lile linajua dereva amechoka kabla dereva mwenyewe hajajijua. Nikamwambia mimi nikichoka huwa najua.

Kabla sijatoka nyumbani nilikuwa nimepima kitanda cha mama kwa mguu wangu mwenyewe. Kinanifika hapa, juu kidogo ya goti, na hapo ndipo anapoinuka peke yake bila kushikwa. Kwa hiyo nikafungua mlango wa nyuma, nikasimama nimeipa siti mgongo, nikakaa. Muuzaji akashangaa, akaniuliza kama sitaki kwanza kuona kwa dereva. Sitaki! Gari la kumbebea mzazi huchaguliwa kutoka nyuma. Na siti ile ilinifika pale pale, juu kidogo ya goti. Nusura nilie.

"Na hili lina bahati," akasema. "Limerudi juzi tu, mkataba wa mteja mmoja wa mtaa wa Hayes umekwisha. Alilitunza mno. Tazama siti za nyuma, kama hazijawahi kukaliwa."

Aliisema kama sifa. Mimi pia niliisikia kama sifa. Akachukua leseni yangu akaenda nayo ofisini, ili tutoke na gari barabarani nikalijaribu. Nikabaki nimekaa nyuma peke yangu, upande wa kulia, nampigia mama hesabu ya mahali atakapoweka bakora.

"Hodi."

Ilitoka upande wa kushoto, sauti ndogo ya mtu mzima, ya mtu asiye na hakika kama anatakiwa. Sasa niambie, wewe uliyelelewa na mama yako, ungefanya nini? Ungetoa kichwa kwanza uchunguze? Kwetu hodi haiachwi ikaning'inia. "Karibu," nikasema, hata shingo haijageuka. Ilipogeuka, bibi alikuwa ameshakaa. Sauti ya mlango sikuisikia, nami nikadhani ndiyo hiyo anasa yenyewe inayosifiwa.

Alikuwa bibi kama bibi zetu wote wa mji huu: buibui, koti zito juu yake, soksi za sufu ndani ya makubadhi, mkoba umepakatwa mapajani. Alinukia mafuta ya karafuu, yale ya kuchulia magoti. Niamini, hakuwa na ukungu wala macho mekundu. Nilimwona kama ninavyokuona wewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Nilivyofurahi! Katikati ya yale mabati yanayong'aa, mtu ananiulizia hali ya nyumbani kwa Kiswahili cha Unguja. Nikamuuliza amekuja na nani.

"Namngoja mwanangu. Kasema likija gari hili tu, atanipeleka Edgware Road. Dada yangu kaja kutoka Maskati, pale ndipo anapofikia kila msimu wa joto. Mie nshavaa tangu asubuhi." Akapapasa ngozi ya siti kwa kiganja. "Kiti kizuri. Ndiyo kwanza nakikalia."

Nje vioo vya magari vilikuwa na barafu, na yeye anazungumzia joto. Lakini wazee huchanganya misimu, wodini kwangu naliona hilo kila siku, sikulitilia maanani. Kilichonichoma ni huyo mwana. Mtu gani anamwacha mama yake ndani ya gari la watu kwenye baridi ile?

Muuzaji akarudi na ufunguo. Nikashuka, nikaingia kwa dereva, naye akakaa pembeni yangu. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri: "Na huyu bibi je? Tunakwenda naye, au utakwenda kumtafuta mwanawe?"

Aligeuka akatazama nyuma. Kisha akanitazama mimi na kunipa tabasamu la aina nyingine, la upole, na mimi tabasamu lile nalijua, maana ndilo ninalowapa wagonjwa wangu wanaponiambia wameona paka darini. Damu ikanichemka. Nikageuka ili nimwonyeshe.

Siti ilikuwa tupu. Lakini ngozi ilikuwa imebonyea, na mkanda ulikuwa umevutwa na kufungwa, umejikunja kwenye hewa kwa umbo la mtu aliyepakata mkoba.

Nikawasha gari. Kwenye kile kioo chake kinachong'aa zikatokea picha ndogo za siti. Mbili za mbele zikawaka kijani. Na moja ya nyuma, kushoto, nayo ikawaka.

"Hiyo ni nini?" nikamuuliza.

"Inaonyesha... inaonyesha waliokaa wakafunga mkanda."

"Na nani kakaa nyuma?"

"Mitambo hii hukosea wakati mwingine," akasema, na safari hii hakutabasamu hata kidogo.

Wallahi! Mtu yule yule aliyenihubiria kwamba gari linausoma uchovu usoni mwa dereva, sasa ananiambia haliwezi kujua kama kiti kina mtu! Utaniuliza kwa nini sikushuka nikakimbia. Kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira woga hukosa pa kukaa. Nikaondoa gari. Lilikwenda vizuri, nisiwe mwongo. Tulipofika kwenye matuta ya mtaa wa nyuma, ikaja sauti kutoka kushoto: "Taratibu, mwanangu. Nyonga."

Muuzaji, asiyejua neno moja la Kiswahili, alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Akaniuliza nimesema nini. Nikamjibu si mimi niliyesema. Akaniomba turudi, na tuliporudi alikuwa wa kwanza kushuka. Nikamwambia gari lake silitaki.

Sasa, Waswahili wa London tumetawanyika lakini hatupoteani. Yupo Bi Mwanaidi, mpishi wetu wa harusi na hitima, ambaye hakuna nyumba asiyolijua jiko lake. Nikampigia simu jioni ile ile. Nikamwambia: Hayes, mama wa Kiunguja, mtoto mwenye shangingi jeusi. Hakuniachia hata kumaliza.

"Bi Zuwena! Hitima yake nilipika mimi." Akanieleza yote. Mwana alipochukua gari alimtangazia kila mtu kwamba ni kwa ajili ya mama, magoti yake hayawezi magari ya chini, na watu wakampa hongera na dua za kila aina. Siti za nyuma akazifunika nailoni zisichafuke. Bi Zuwena kila Jumamosi alikuwa akijipaka karafuu, akavaa buibui, akakaa dirishani. Mwana akija kuchungulia anasema, Jumamosi ijayo, mama, leo nimebanwa. Dada mtu alikuja kutoka Maskati joto la kwanza, akaja na la pili, akamngoja Edgware Road. Hawakuonana. Walifariki wote wawili mwaka mmoja.

Nilimpigia huyo mwana, kwa nini nisimpigie? Nilimwambia mama yako nimemkuta ndani ya gari ulilokuwa ukiuzia sura, bado amevaa. Akasema, "Dada, mama yangu hakukosa kitu," na akakata simu. Hakukosa kitu! Nilifoka peke yangu mpaka mume wangu akaniletea maji.

Tukachukua shangingi kwa kampuni nyingine kabisa, jeupe, jipya, ambalo hakuna mtu aliyewahi kulimiliki. Nililipima vile vile, kwa mguu wangu. Siku lilipofika, mama alitoka na bakora yake, akaipa siti mgongo, akakaa mwenyewe, akaingiza miguu mwenyewe, akafunga mtandio wake vizuri. Hakuna aliyemgusa. Akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Tanga. Mimi nimesimama pale barazani machozi yananitoka, nasema moyoni, haya ndiyo niliyoyataka.

Mama akageuka kushoto, akasema, "Shikamoo, dada." Kisha akanitazama mimi kwa lawama. "Mbona hukuniambia tuna mgeni?"

Nikaingia kwa dereva, nikawasha. Nyuma zikawaka siti mbili. Na karafuu ikajaa gari zima.

Nilipandisha sauti, nakiri, mtaa mzima ulisikia. "Mimi huyu nilimkataa! Nilimkataa pamoja na gari lake!"

"Gari ulilikataa," mama akasema, bila haraka. "Yeye ulimwambia karibu. Mgeni huenda na aliyemkaribisha, haendi na gari. Twende, dada yake anamngoja."

Ningefanyaje? Waliosema mgeni siku ya tatu apewe jembe hawakuishi Ilford. Nikawapeleka. Kuvuka mji mzima, foleni tupu, na nyuma mazungumzo yanaendelea, mimi nasikia upande wa mama tu: "Ala! Na yeye akasemaje?" Edgware Road hakuna pa kusimama, nikamshusha mama mbele ya mgahawa wa Waarabu na kuzunguka, nazunguka, nazunguka. Niliporudi nilimkuta mezani na vikombe vitatu vya kahawa, vyote vitupu. Mama kahawa hagusi, inamkosesha usingizi.

Nikadhani yameishia hapo. Mtu ametaka kupelekwa mahali, amepelekwa, si apumzike? Jumamosi iliyofuata taa ikawaka tena. Mama akanishangaa mimi. "Kwani mtu hutembea mara moja maishani?" Sasa ndiyo kazi yangu ya kila Jumamosi. Mume wangu amelipeleka gari kwa mafundi, wamelifungua, wamesema halina tatizo lolote. Yeye bado anasema ni mtambo, lakini nyuma hakai. Mama anatoka, anavaa, anapendeza, dirishani hakai tena kabisa. Hilo sitalikana. Ila hasira yangu iko pale pale, maana yule wa Hayes nasikia amechukua shangingi lingine, kubwa zaidi, na analala usingizi wake.

Jumamosi iliyopita nyuma ziliwaka siti tatu. Nikamuuliza mama, huyu wa katikati nani tena? Akasema ni mama mmoja alikuwa amevaa, amekaa tu dirishani, nyumba ya pembeni, ile isiyo na mtu tangu mwaka juzi, akaona si vizuri kumpita. Mama akamkaribisha yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nawaonya. Ukisikia hodi, geuza shingo kwanza, ndipo ufungue mdomo. Na wewe uliye na mama amevaa tangu asubuhi, unayemwambia Jumamosi ijayo: mchukue leo, kwa basi, kwa treni, kwa mgongo ikibidi. Usije kunitegemea mimi. Nyuma kwangu kumejaa.