Siku Nilipomzimia Chengula Umeme

Mwenzenu nina aibu ambayo huko Kilolo bado inatembea, na mtu wa Iringa akinitazama mara mbili huwa nageuza uso, maana sijui kama naye alikuwepo. Afadhali niisimulie mwenyewe, kwa sababu wengine wakiisimulia wanatia chumvi, na yenyewe chumvi inayo ya kutosha.

Kazi yangu ni kutengeneza vichujio vya mawimbi. Mnara wa simu unasikiliza mawimbi manyonge sana kutoka kwenye simu za watu, na jirani yake kukiwa na mtambo mwingine unaorusha kwa nguvu, mnara unakuwa kama mtu anayenong'onezwa kwenye mashine ya kusaga. Kichujio kinazuia kelele na kupitisha kinachotakiwa. Vilivyozoeleka ni vikubwa kama tofali, mimi kwenye karakana yetu Mbeya nilikuwa nimeunda cha kuenea kiganjani, kimeunganishwa na kikuza mawimbi kidogo, na nilikuwa najivuna nacho kuliko baba mwenye mtoto wa kwanza.

Asubuhi mimi na mwenzangu Atupele tulikijaribu kwenye mnara wa Ipogolo, Iringa mjini, kikafanya kazi vizuri. Tulipomaliza nikachomoa waya wa antena, na hapo ndipo nilipotakiwa kuzima pawabanki iliyokuwa inakipa umeme, lakini nikaona tunakwenda moja kwa moja Kilolo, nikizima itabidi nisubiri tena kitulie (uvivu tu, nisiupambe), basi nikakitumbukiza hivyo hivyo kwenye begi la mgongoni nikafunga zipu.

Kilolo tulikuta wakulima wanatusubiri. Ulikuwa msimu wa viazi, malori yanatafutwa kwa simu na simu zinakatika, watu viazi vinawaozea wakisema haloo haloo. Kwetu pia siku ilikuwa kubwa, maana kichujio kikiutuliza mnara ule kingepelekwa kwenye minara mingine. Atupele akaingia ndani ya uzio wa mnara na laptop, mimi nikabaki nje, na hata sijakaa sawa akaniita.

"Kaka, kelele ni kubwa kuliko tulivyoambiwa. Kubwa mno."

Mama mmoja aliyekaa juu ya kiroba akasema, "Mbona tangu mfike ndiyo haishiki kabisa?"

Nikamjibu kwamba ni hali ya hewa. (Mpaka leo sijui nililitoa wapi jibu hilo.)

Jirani na mnara kuna kibanda cha fundi simu anaitwa Chengula. Juu ya bati lake kulikuwa na antena ya TV iliyofungiwa mfuniko wa sufuria, na yeye mwenyewe alikuwa ametukodolea macho tangu tuliposhuka garini. Alikuja akauliza, "Hapo mnapima nini?" halafu akarudi zake, na nilipomfuata kibandani kumjibu, akawahi kuvuta mlango wa chumba cha nyuma akaubana kwa kofuli. Jamani, mngekuwa ninyi mngefikiri nini? Nikatoa antena ya mkono yenye kipimo cha mawimbi nikaielekeza kwenye ule mlango, kipimo kikapanda. Nikiielekeza kwingine nako kilipanda, ila nikajiambia hayo ni mawimbi yanayogonga vilima na kurudi, na Kilolo vilima havikosi. Chengula akitabasamu nikaona anajificha kwenye tabasamu, akiacha kutabasamu nikaona ndiyo ameshtuka.

Nikamwita mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kikoti, na mbele ya umati nikasema, "Mwenyekiti, mtambo unaowakatia simu umo ndani ya chumba hicho."

"Humo kuna mashine yangu ya vifaranga," Chengula akasema taratibu. "Sipendi pafunguliwe, baridi itaingia."

"Mashine ya vifaranga inafungwa kwa kofuli?" nikauliza, huku nimewageukia watu kama wakili.

Mzee Kikoti akaamuru pafunguliwe. Ndani kulikuwa na friji bovu aliloligeuza kuwa mashine ya kutotolea, balbu zinawaka, mayai yamejipanga. Nikasema izimwe.

"Injinia, haya yako karibu kutotoa."

"Ni kidogo tu."

Akazima mwenyewe, mkono ukabaki kwenye swichi. Nikapaza sauti kumuuliza Atupele, naye akajibu iko vile vile. Nikazimisha TV, vile vile. Nikachomolesha sola, vile vile. Watu wakaacha kumtazama Chengula wakaanza kunitazama mimi, na badala ya kunyamaza nikasema basi itakuwa nyumba ile ya bondeni, nikaazima simu ya Mzee Kikoti iliyokuwa ya mtandao mwingine usiosumbuliwa, kama ya Atupele, nikateremka huku naongea na Atupele.

"Hapo hapo, mmezima nini?" akaniuliza. "Imeshuka."

Nikapanda mbio kwa furaha kuwaambia watu. "Imerudi," akasema. Nikateremka tena, ikashuka, nikapanda, ikarudi, kijiji kizima kinaniangalia navyokwenda na kurudi.

Atupele akauliza kwa upole, "Kaka, mgongoni umebeba nini?"

Nikafungua zipu, taa ya kijani ikanitazama. Kikuza mawimbi kikiachwa kinawaka bila antena kinaweza kuanza kupiga kelele chenyewe, kama maikrofoni iliyosogezwa kwenye spika, na hilo nalijua kama jina langu.

Mzee Kikoti akachungulia. "Kwa hiyo mtambo ni huo."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na mwenye mtambo ni wewe."

"Ndiyo."

Nikazima. Simu ya yule mama ikaita, halafu ya jirani yake, na hapo ndipo walipoangua kicheko. Chengula hakucheka. Alikuwa amesharudisha umeme na anafunika mashine kwa blanketi, nikavua koti langu nikampa, akalipokea bila kuniangalia. Nikamwomba radhi mbele ya wote, akasema sawa, ile sawa ya mtu mwenye kazi. Baadaye tulikifunga kichujio mnarani na kikatulia kweli, wakampongeza Atupele.

Tangu siku hiyo, sehemu yoyote nikisikia kelele, kabla sijamtazama mtu usoni namwaga begi langu mezani na kuzima kila chenye taa, na mafundi wapya wakinicheka nawaacha wacheke.

Baadaye nilimpigia Chengula kumuuliza habari za mayai. Akasema, "Waliotoka wametoka, Injinia. Hao wengine tusiwazungumzie." Alikuwa anaongea kupitia mnara ule ule, sauti safi, hakuna neno lililopotea, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nikatamani simu ikatike.