Hindi Lililoshukuriwa

Jikoni kwa Kafedha, juu ya mafiga, palikuwa na uchaga wa fito, na hapo ndipo yalipokaa mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yao, meusi kwa masizi. Moshi ulipanda taratibu ukayazunguka, ukapenya kwenye makuti ukaenda zake. Mara nyingi mchana, mboga ikichemka polepole na ndege zikipita chini chini kuelekea kiwanja cha Changamwe, Kafedha alisinzia pale pale kwenye kigoda, akamwona marehemu mama yake amesimama ndani ya moshi ule, kimya, anayageuza mahindi moja moja. Hakuogopa. Alimwamkia tu, naye akaendelea na kazi yake.

Mbegu yenyewe iliitwa mdzihana. Mama yake alikuja nayo kutoka Rabai siku alipoolewa, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na nguo zake. Mhindi wake ulirefuka mpaka ukamfunika mtu mzima, na hindi likishakauka liliinama, likatazama chini, ili mvua isiingie ndani ya maganda. Hata jua likaze vipi, Kafedha hakukosa cha kuvuna. Hakuwahi kuinunua mbegu hiyo, wala hakuwahi kumnyima mtu aliyeiomba.

Ila ilikuwa na mwiko wake. Ukipewa mbegu hushukuru. Unapokea kwa mikono miwili, unageuka, unakwenda zako bila neno. Shukrani yako utaileta siku ya mavuno, mahindi mabichi ya kwanza. Ukisema ahsante papo hapo, umeshayamaliza mambo, na mbegu haina tena sababu ya kuota. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, na Kafedha si mtu wa kubishana na marehemu.

Mwiko huo ndio uliomkosanisha na Tima. Tima ni wa Jomvu Kuu, wa mababu na mababu, na kwao kupewa kitu ukanyamaza ni ukosefu mkubwa wa adabu. Siku moja, zamani, alikuja kuomba mbegu. Kafedha akampa hindi zuri kabisa. Tima akapukuchua punje kidogo, akautazama weupe wake, akazifunga kwenye pindo la leso. Kisha akainua uso, akacheka kwa furaha. "Ahsante sana, mama Eddah. Mola akujaze kheri, akuzidishie..."

Kabla dua haijafika mwisho, Kafedha alimpokonya lile hindi mkononi.

Nia yake ilikuwa njema. Aliona lile limeshakufa, akakimbia jikoni kuleta jingine. Aliporudi, ua ulikuwa mtupu. Kwa nini hakumfuata, akamweleza? Basi tu. Aliona haya, na haya ikikaa siku mbili tatu inakuwa kiburi. Tangu hapo walipokutana njiani walisalimiana kwa midomo, macho yakitazama pengine, na Kafedha akaacha kabisa kupita kwenye njia ya nyuma ya nyumba ya Tima.

Miaka ikapita. Kisha binti yake, Eddah, akamletea jiko la gesi.

"Mama, kikohozi hiki kitakuua," Eddah alisema. "Moshi umekutosha."

Kafedha alilipenda jiko lile, tusimwonee. Nani asiyependa kuwasha moto kwa kidole? Chai ilichemka kabla hajamaliza kupiga miayo. Mafiga yakapoa, kuku wakayafanya kitanda chao, na kikohozi kweli kikapungua. Ila mchana aliposinzia hakumwona tena mama yake. Alidhani ni uzee unaomjia.

Mvua ya mwaka, yaani masika, ilipokaribia akapanda kuyashusha mahindi ya mbegu. Yalikuwa mepesi. Alipoyagusa, unga ukammwagikia usoni. Dumuzi, ambao moshi uliwafukuza tangu enzi za mama yake, walikuwa wameyabungua yote, hindi kwa hindi, mpaka kiini cha punje. Kafedha aliketi chini na ule unga mapajani, akalia kama aliyefiwa, kwa sababu alikuwa amefiwa.

Kazungu, kijana wa duka la pembejeo, alimpa pakiti yenye picha ya hindi nono. Punje zilikuwa na rangi ya waridi, zimepakwa dawa. Zilistawi, hatuwezi kusema uongo. Mashamba yote ya jirani yalizungumza habari za Kafedha. Kampuni iliyotengeneza mbegu ikaleta bango lenye jina lake, ikalisimika pembeni mwa shamba, na wanawake wakaja kulitazama, wakaacha mbegu zao wakafuata pakiti. Kafedha alivishwa kofia akapigwa picha. Alicheka sana siku ile, na baadaye alitamani asingecheka.

Kwani alifanya alivyofanya miaka yote: aliwasha tena mafiga, akachagua mahindi mazuri kuliko yote, akayatundika kwenye moshi. Mvua iliyofuata akayapanda. Shamba likaota kama mkutano wa watu wasiojuana. Mihindi mingine mirefu, mingine mifupi, mahindi yenyewe yana mapengo kama mdomo wa mtoto.

Alimwendea Kazungu. "Umenipa mbegu gani wewe?"

"Ni chotara, mama," Kazungu alimjibu, na hakuwa na ubaya wowote. "Ile ni ya kupanda mara moja. Ukivuna, unakula. Msimu mwingine unanunua tena."

"Na msimu ule mwingine?"

"Unanunua, mama."

"Mpaka lini?"

Kazungu aligeukia pakiti zake. Akamwambia tu asijaribu kuokota mbegu kwa watu, maana sheria haitaki mbegu zisizopimwa zigawanywe ovyo. Kafedha aliduwaa. Kumpa jirani hindi nako kumekuwa kosa? Alirudi nyumbani akalipita lile bango, akaona shamba la mama yake lina jina la watu asiowajua. Nyumba zote alizopiga hodi kuulizia mdzihana walimwambia neno moja: sisi tulikufuata wewe.

Sasa mafiga yalikuwa yakiwaka, lakini uchaga ulikuwa mtupu. Mama yake alirudi mara moja tu. Alisimama ndani ya moshi ameinamisha kichwa, mikono yake haina cha kugeuza. Kafedha aliamka mashavu yamelowa.

Vuli ikawa inakaribia. Asubuhi moja alitoka kwenda kununua samaki kwa wavuvi wa Jomvu Kuu, na akili yake ilikuwa mbali, huko huko ndotoni. Miguu ikajiendea. Aliposhtuka alikuwa kwenye njia aliyoihama miaka ile yote, na mbele yake, nyuma ya ua wa makuti, mihindi mirefu imesimama, mikavu, na kila hindi limeinama linatazama chini. Alidhani bado anaota. Akaingiza mkono uani, akashika ganda. Lilikuwa gumu, limebana vile vile. Ndilo.

Moyo wake ulisema: pita, omba kwa mtu mwingine. Lakini mtu mwingine hakuwepo.

"Hodi!"

Tima alitokea mlangoni, akasimama. "Mama Eddah? Miaka yote hii hukuya kwangu. Yeo wataka nini?"

"Nimeona mihindi yako," Kafedha alisema. "Ni ya mamangu."

Tima alitoka mlangoni akamsogelea. "Ni yake, sikatai. Siku ile ulipoona sistahiki hindi lako, nilikuwa nishafunga punje kwenye leso. Nilifika nyumbani nikafungua fundo, nikalia. Kisha nikazipanda, wallahi, kwa hasira tu, nione kama zitanikataa na zenyewe."

Kafedha alimweleza kila kitu, gesi, dumuzi, pakiti, bango. Hakuficha kitu. "Nimekuja kuomba mbegu, Tima. Ukininyima, mdzihana imekwisha kwetu."

Tima alijifunga leso kiunoni. Aliingia shambani, akachagua hindi refu, akalikwanyua, akamnyooshea kwa mikono miwili. Kafedha akalipokea kwa mikono miwili. Midomo ikafumba yenyewe, mwili ukaanza kugeuka.

"Hata sasa?" Tima alisema polepole. "Hata ahsante, mama Eddah?"

Kafedha akauona uso ule ule wa siku ile, furaha ikizimika. Hapo haya yote ikamtoka. "Mbegu ikishukuriwa haioti!" alisema akilia. "Ni mwiko wa mama. Siku ile ulilishukuru, nikaona limekufa. Nilikwenda kukuletea jingine. Niliporudi, hupo."

Tima alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye majani makavu, machozi yakimtoka.

"Ewe mwanamke! Zile punje nilizokwenda nazo nilikuwa nishazishukuru. Na hapa kila nikivuna nazishukuru tena, kwa sauti. Kwani waona zimefanya nini?"

Kafedha alitazama. Shamba zima lilikuwa limeinama mbele yake.

"Ahsante, Tima," akasema, hindi likiwa bado mikononi mwake. "Mungu akujaze kheri." Akaketi chini kando yake.

Mchana ule alilitundika lile hindi juu ya mafiga, akachochea kuni, akaketi kwenye kigoda. Chai yake ilikuwa imechemkia kwenye gesi, na kikohozi kilimwanza kidogo, akakiacha. Ndege ikapita. Usingizi ulipomchukua, mama yake alikuwapo ndani ya moshi.

"Mama," Kafedha alimwambia, "nimeshukuru."

Mama yake akanyoosha mkono. Aliligeuza lile hindi upande wa pili, ili moshi ulifike vizuri.