Nahodha Niliyemrudisha Mimi

Iko Jumamosi moja ambayo siisahau, mwanangu, ingawa mengi ya siku zile yameshanitoka kichwani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimesimama na kipaza sauti mkononi katika chumba cha mabati cha mjomba wangu pale Matuu, madirisha yamezibwa kwa magunia, jasho linanitiririka mgongoni, na mbele yangu wameketi wanaume kama arobaini wakiniangalia mdomo.

Mjomba alikuwa na televisheni, deki ya video na jenereta lililokohoa kuliko babu yangu. Kila siku ya soko, mchana, alionyesha filamu. Zilikuwa za Kiingereza, na wateja wake hawakukijua, kwa hiyo alitafuta mtu wa kuwatafsiria. Nikajitokeza mimi, niliyeishia kidato cha pili, nikaapa kwamba Kiingereza kwangu ni maji ya kunywa. Nilikuwa na mdomo, hilo sikatai. Nilitafsiri kwa Kiswahili kwa sababu wauza mbuzi wa Kisomali walikaa benchi la nyuma, palipotaka kicheko nikatia neno la Kikamba, na nisipoelewa nilijazia mwenyewe.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya chombo kinachosafiri kati ya nyota. Nahodha wake alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, na fundi wake alikuwa kijana mcheshi aliyewafanya watu wagonge mabenchi kwa kucheka. Mwishoni wanatua kwenye nchi ya vumbi jekundu, fundi anafukiwa na mawe, na nahodha anafunga mlango. Anashika usukani, anasema maneno machache, halafu picha inazimika. Mengi ya filamu ile yalinipita, mwanangu, lakini maneno hayo ya mwisho niliyaelewa vizuri sana. Alisema wanamwacha.

Niliwatazama wale wanaume. Wengi walikuwa wachimbaji wa mchanga kule mtoni, na walikuwa wamempenda yule fundi kama ndugu yao. Niliogopa. Niliogopa watakasirika, watasema sijui kazi, mjomba atanifukuza. Basi nikapaza sauti: "Amegeuza chombo! Anarudi kumchukua! Nahodha hamwachi mtu wake!"

Chumba kizima kilisimama kushangilia. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kofia. Nami, mjinga, nilijiona mtu mkubwa. Sehemu ya pili ilipoletwa fundi hakuwemo, nikawaambia yuko nyumbani anapona. Katika ya tatu nikamwozesha. Kufikia ya nne alikuwa na watoto wawili na shamba lenye maji karibu.

Katika wale wachimbaji alikuwamo kijana mrefu aitwaye Kyalo, ambaye hakukosa hata Jumamosi moja. Ndiye huyu mume wangu unayemwona akichechemea. Mguu ule hakuzaliwa nao hivyo, na sasa nitakwambia ulivyovunjika.

Miezi michache baada ya filamu ile, Kyalo alikuwa mtoni na mwenzake Nzioka, wamechimba chini ya ukingo mpaka wakaingia ndani kabisa. Ukingo ukabomoka. Kyalo alikuwa karibu na mlango wa shimo, akatoka mbio pamoja na wachimbaji wengine. Nzioka akabaki chini. Wote walisimama mbali wakipiga kelele, kwa maana mchanga ulikuwa bado unateleza. Halafu Kyalo akarudi. Alifukua kwa mikono, akamvuta Nzioka akiwa hai, na mchanga ukaanguka mara ya pili juu ya mguu wake.

Nilikwenda kumwona hospitali nikiwa na chupa ya uji. Aliponiona alitabasamu, akaniambia, "Wajua nilikuwa nimeshatoroka? Halafu nikamkumbuka yule nahodha. Nikasema, kama yeye alirudi, mimi ni nani?"

Nilisimama pale na ile chupa. Mtu alikuwa ameingia kaburini kwa neno langu. Ilikuwa siku ya kusema, mwanangu, na hapakuwa na siku nyingine nyepesi kuliko hiyo. Nikafungua chupa nikammiminia uji.

Usidhani niliolewa naye kwa kulipa fidia. Nilimpenda, na bado nampenda, hata akinichosha. Lakini hofu iliingia nyumbani pamoja nami, ikakaa. Kijana wetu aliponunua televisheni ya kwanza, kila jioni nilikaa roho mkononi, nikingoja ile filamu itokee. Kyalo alipoombwa kuzungumza na vijana kanisani pale Kalama, aliwaeleza habari za nahodha wake, nami nilikuwa natoka nje nikijidai nakohoa.

Miaka ikapita, nikaanza kupumua. Kisha juzijuzi mjukuu wetu Mwende, mwanafunzi wa chuo, binti wa Katunge kifungua mimba wetu, akafika amejaa furaha. "Umau! Wameianzisha upya! Ile filamu yako ya nahodha, wameitengeneza tena kuanzia mwanzo. Nimeshanunua tikiti tatu, tunaenda kuiona Machakos."

Umau ni babu kwa Kikamba chetu, kama Susu alivyo nyanya, na sijawahi kumwona Umau huyo akiruka namna ile kwa mguu mmoja. Siku zile zilizobaki hakuzungumza jambo jingine. Mwende alimwonyesha picha kwenye simu, naye akanung'unika kama shabiki yeyote mzee: nahodha mpya hana ndevu, atawapeleka watu wapi na kidevu cha mtoto? Chombo kinang'aa mno, hakionyeshi kimefanya kazi. Na fundi eti sasa ni msichana! Lakini alipiga viatu rangi mara mbili.

Mimi nilikuwa nikipika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, nasahau chumvi. Niliwaza nijifanye mgonjwa. Niliwaza kumwambia tikiti ni za uongo. Kitu kilichonitisha zaidi alikisema Mwende mwenyewe siku yenyewe, tulipokuwa tunaketi ndani ya sinema: "Susu, leo wewe pumzika. Mimi ndio nitamtafsiria Umau."

Akakaa katikati yetu. Nilimsikia akimnong'oneza neno kwa neno, Kiingereza chake kimenyooka, hajazii chochote. Nilikuwa nashika mkono wa kiti kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Kyalo alianza kwa kusonya. Baadaye nikamsikia anacheka, kwa sababu yule msichana fundi alikuwa mcheshi kweli, na nikajua ameshampenda. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Vumbi jekundu likaja. Mawe yakaanguka. Nahodha asiye na ndevu akafunga mlango, akashika usukani.

"Anasema wanamwacha," Mwende akanong'ona.

"Ngoja," akasema Kyalo kwa sauti. "Anarudi sasa hivi."

Picha ikazimika, majina yakaanza kupanda. "Ngoja tu," akasema. Watu walipita mbele yetu wakitoka. Taa zikawashwa, mama mmoja akaingia na ufagio, na mume wangu alikuwa bado anatazama kitambaa cheupe kisicho na kitu.

Nje alilipuka. "Wameharibu! Hawa watoto wameiharibu kabisa! Hawajui hii hadithi, hata kidogo!" Tuliingia hoteli ndogo kunywa chai, naye bado anawaka. Mwende akamwangalia kwa huruma.

"Umau, mimi niliona ile ya zamani kwa simu, ndio nijue tunaenda kuona nini. Hata huko alimwacha."

Kyalo akacheka, cheko la mtu aliye na shahidi. "Wewe ulikuwa wapi? Muulize Susu yako. Yeye ndiye alikuwa anatafsiri. Mama Katunge, hebu mwambie huyu mtoto."

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema ili niokoke tena. Ningesema mtoto amekosea, Kyalo angeniamini, kama kawaida. Lakini nilimwona Mwende alivyonitazama, na nikaelewa kwamba ili mimi nipone lazima nimfanye yeye mwongo, yeye aliyemwambia babu yake kweli tupu mchana kutwa.

"Mtoto hajakosea," nikasema. "Alimwacha, Baba Katunge. Tangu ile ya kwanza. Mimi ndiye nilimrudisha."

Nilitarajia ataniuliza kuhusu mguu. Hakuuliza. Alikiweka kikombe chini.

"Kwa hivyo hakuna mtu alirudi?"

"Hakuna."

Alikisukuma kikombe kando. "Mle shimoni kulikuwa giza," akasema hatimaye. "Sikuwahi kukuambia vile niliogopa. Nilikuwa najiambia, kuna mtu ameshapita hapa, akatoka. Kumbe nilikuwa peke yangu." Akafunika uso, na mwili mzima ukamtetemeka, mzee wangu, kana kwamba ule mchanga ulikuwa unaanguka pale pale hotelini.

Siku nne hakunisemesha ila kwa mambo ya ng'ombe. Siku ya tano alimwita Mwende aweke ile ya zamani kwenye televisheni, kisha akanivutia kiti. "Tafsiri," akasema. "Na usiongeze."

Nilitafsiri. Pale nisipojua nilisema sijui, na palikuwa pengi hadi nikaona haya. Tulipofika mwisho nikasema: anafunga mlango, anashika usukani, anasema wanamwacha. Picha ikazimika. Kyalo alikuwa anasugua goti lake.

"Haya," akasema. "Sasa sema ile yako."

Nikasema, lakini si kwa kelele kama zamani. Amegeuza chombo. Anarudi kumchukua. Alisikiliza amefumba macho, kisha akasimama akaenda kwa ng'ombe wake.

Ungependa nikwambie yakaisha hapo. Hayakuisha. Siku hizi nikimletea habari yoyote, iwe bei ya mahindi au salamu za dada yake, hunitazama kidogo kwanza, halafu huuliza, "Hiyo ni ya kweli ama ni ya nahodha?" Hucheka akiuliza, nami hucheka. Lakini huuliza kila mara, na mimi humjibu kila mara, na hivyo ndivyo tutakavyomaliza uzee wetu.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukipewa kazi ya kumsemea mtu kwa lugha asiyoijua, awe mgonjwa mbele ya daktari au mzee mwenye barua mkononi, mpe kilichosemwa, hata kama kitamliza. Ukitaka kuongeza cha kumtia moyo, ongeza, lakini mwambie hicho ni changu. Hujui ataingia nacho wapi. Na kama umeshateleza, sema siku ile ile, chupa ya uji ikiwa bado mkononi. Mimi niliogopa hasira ya mchana mmoja, nikaishi na hofu tangu usichana hadi mvi. Usifike mahali pa kuulizwa kila mara kama neno lako ni la kweli, mwanangu. Inauma, hata ukiulizwa kwa kicheko.

Mungu akupe ulimi usiokunyima usingizi. Na siku utakapofukiwa, kwa maana sote hufika siku hiyo, akuletee mtu wa kurudi kukuchukua, na mtu huyo asiwe wa kubuniwa. Amina.