Vitunguu Vilivyongoja Baridi Tororo

Dada yangu anafanya kazi ya kuwatunza wazee katika nchi ya theluji. Mara ya mwisho alipokuja likizo alituletea chokoleti, sweta nzito ambazo hakuna mtoto wa Tororo amewahi kuzihitaji, na pakiti ya mbegu za vitunguu. Pakiti ilikuwa yangu. Mzee mmoja anayemhudumia huko ana bustani ya mboga nyuma ya nyumba, na ndiye aliyempa.

"Hivi wanavipanda kabla ya baridi kali," dada akanieleza. "Theluji inaviangukia, vinalala tu ardhini. Jua likirudi vinaamka, na vinavunwa kabla ya vitunguu vya mtu mwingine yeyote."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniponza. Mimi ni wakala wa forodha pale mpakani Busia, mtu wa kushinda juani nikihangaikia mizigo ya wengine, na nilikuwa nimeanza bustani nyuma ya nyumba yetu Tororo ili nami niwe na kitu changu mwenyewe. Kufikia wakati huo bustani ilikuwa imenipa sukuma wiki iliyotobolewa na wadudu na nyanya zilizooza zikiwa bado mbichi. Sasa nimeletewa kitunguu kilichoshinda theluji. Kama theluji haikukiweza, nikajiambia, mvua ya Tororo ni nini?

Nilisia mbegu mvua za pili zilipoanza, miche ikapata nguvu, nikaihamishia kwenye matuta matatu niliyoyanyoosha kwa kamba. Majani yalipanda! Yalikuwa ya kijani iliyoiva, manene kama kidole, yamesimama wima. Wageni waliokuja kwangu hawakukaribishwa chai kabla hawajapitishwa bustanini. Hata fundi aliyekuja kutengeneza bomba alisimamishwa mbele ya matuta, spana mkononi, nikamhutubia juu ya theluji. Akasema ni vizuri sana, akauliza bomba liko wapi.

Nilichofanya baada ya hapo sikulazimishwa na mtu. Jioni moja mezani nilimtangazia mke wangu, "Mama watoto, kuanzia leo nyumba hii hainunui tena kitunguu."

"Lakini hivyo bado havijawa tayari."

"Tutakata majani kidogo kidogo huku tukingoja."

Aliniangalia, akaangalia sahani yake, akasema, "Sawa, Baba watoto." Mke wangu ni Msamia wa upande wa Kenya, na katika miaka yote ya ndoa yetu, kila aliposema sawa kwa upole namna ile, kulikuwa na jambo. Mimi nikaisikia ile sawa kama makofi. Mchuzi wetu haukuharibika hata siku moja, tena nikamsifu: unaona majani haya yalivyo na nguvu?

Mvua zilipoanza kupungua nilifukua kidogo kwenye mche mmoja nione kichwa kimefikia wapi. Hakikuwepo. Palikuwa na shina jeupe lililonyooka, unene uleule juu na chini. Nikafukua mwingine, ni vilevile. Mtu mwenye akili angeuliza mtu. Mimi nilikaa juu ya ndoo nikafikiri, na jibu likanijia lote kwa mara moja: vitunguu hivi vinangoja baridi. Havijalala, vitaamkaje?

Mpakani Busia wauza samaki hutumia barafu nyingi, na jioni huimwaga ile iliyobaki. Niliomba ndoo moja nikapewa bure. Nikaifunika, nikapanda boda boda nayo hadi nyumbani, maji baridi yakinidondokea gotini safari nzima. Nilipofika nikapiga magoti nikaanza kupanga mapande ya barafu kwenye miguu ya vitunguu, nikiyafukia kidogo ili yasiyeyuke upesi.

Jirani yetu, mama mmoja Mjapadhola anayefundisha shule ya msingi, alisimama kwenye ua.

"Jirani, wewe nazika nani hapo?"

"Hakuna mtu, Mama. Natia baridi tu."

"Natia nini?"

"Baridi."

Akasema, "Pole, eh," akaingia ndani kwake. Kesho yake alimuuliza mke wangu kama kazini kwangu mambo yanakwenda vizuri.

Nilichosahau ni kwamba barafu ile ilikuwa imelala na sangara siku nzima. Asubuhi nilikuta tuta la kwanza limechimbuliwa kana kwamba mtu alipoteza pete humo. Paka wa mtaa wote walikuwa wameitikia harufu, na mmoja alikuwa bado yuko pale, anakwaruza udongo kwa bidii ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuwa nayo. Nililifunga tuta la pili na la tatu kwa chandarua kikuukuu. Nikawaambia watu ni kwa ajili ya wadudu.

Krismasi ikakaribia, na mama mkwe wangu akavuka kutoka Busia ya Kenya kuja kukaa nasi siku chache. Kwa desturi zetu mkwe na mama mkwe hatupeani mikono wala hatuli meza moja. Mimi hukaa karibu na mlango, yeye hukaa ndani na binti yake, na mazungumzo hupita katikati ya chumba kwa adabu. Jioni ya kwanza nilisikia akiusifu mchuzi wa kuku.

"Mama," nikasema kutoka mlangoni, "hiyo ladha ni ya vitunguu vya shambani kwangu."

"Kumbe! Basi kesho nivione, mkwe."

Mke wangu akakohoa, akatoka na vyombo.

Asubuhi tukatoka, yeye mbele na binti yake, mimi nyuma kwa umbali wa heshima. Nikaondoa chandarua kama mtu anayefunua kibanda cha harusi. Majani yakasimama. Mama mkwe akapiga makofi, akasema hajaona kitunguu chenye afya kama hiki. Halafu akasema, "Ng'oa kimoja tuone."

Bado nilikuwa na tumaini, na hilo ndilo linalonichekesha hadi leo. Nilikuwa nimejishawishi kwamba vichwa vimeingia chini zaidi, kama viazi. Nikashika majani kwa mikono miwili, nikaweka mguu vizuri, nikavuta kwa nguvu ya mtu anayetarajia uzito. Kikatoka bila ubishi wowote. Nilirudi nyuma hatua kadhaa, nikakaa juu ya sukuma wiki.

Mama mkwe alikiangalia kile kijiti cheupe. "Mkwe, huyu ni mtoto wao?"

Nikang'oa kingine, na kingine tena. Vyote vilikuwa vya mama mmoja, baba mmoja.

"Sasa," akamgeukia binti yake, "kuku wa jana aliungwa na nini?"

Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Alishindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaingia ndani, akarudi na ndoo ya unga wa mahindi. Akachota unga kwa mkono, na chini yake kulikuwa na vitunguu vyekundu vya soko la Tororo, vizuri, vya mviringo. Alikuwa akivinunua tangu siku ya tangazo langu.

Ningependa kusema nilikasirika, lakini nilikuwa nimekaa juu ya sukuma wiki. Nikacheka mimi pia, ingawa nilichelewa kuanza.

Mchana tulimpigia dada simu. Alikwenda kumuuliza yule mzee wake, akarudi akicheka sana hivi kwamba ilibidi arudie maneno. Vitunguu vile havikuwa vikingoja baridi. Vinangoja siku ziwe ndefu, kama huko kwao ambako kiangazi jua linakataa kuzama. Ndipo hutengeneza vichwa. Kwetu mchana na usiku ni sawasawa mwaka mzima. "Vingekungoja hadi ustaafu," dada akasema.

Mama mkwe hakuona hasara. Aliyakata majani na yale mashina meupe, akayakaanga na omena, dagaa wa ziwani waliokaushwa, na nikaletewa sahani yangu mlangoni. Kilikuwa chakula kitamu kuliko chote kilichowahi kutoka katika bustani ile. Alipoondoka alibeba fungu kubwa, na nikasikia kwamba kule kwao aliwagawia majirani akiwaambia ni mboga ya theluji, inalimwa na mkwe wake peke yake.

Msimu uliofuata nilinunua miche ya vitunguu vyekundu sokoni kama watu wengine. Vingine viliozeshwa na mvua, vingine vikatoa vichwa vidogo ambavyo mke wangu huvimenya bila kusema neno. Juzi mama mkwe alipiga simu kuulizia yale majani.

"Mwaka huu hayapo, Mama," nikamwambia. "Hivi vya sasa vinaota vichwa."

"Oo," akasema, kwa huruma ya kweli. "Pole sana, mkwe."