Kamba ya Kitanda Yafunga Mashua Kurasini

Saa tatu asubuhi, Kasimiri Nandonde, mfunga mashua, amepiga magoti juu ya gati dogo la mbao huko Kurasini. Anaunga pima mbili za kamba ya makumbi ya nazi, ile ya kuwambia vitanda, kwenye kamba nene ya katani inayofunga mashua ya tanga ya Mzungu mmoja. Ukimtazama utadhani amekosea kazi.

Leo anajaribiwa. Mwezi uliopita, meli kubwa ilipita na mkumbo wa maji ukang'oa kigingi cha mashua hii pamoja na kipande cha ubao.

Mkumbo wenyewe ni kitu cha ajabu. Haupigi kama wimbi. Maji yanainuka kimya kimya, yanaivuta mashua mbele, kisha yanairudisha nyuma kwa nguvu. Kamba iliyokazwa haikubali kuvutika, basi kinachotoka ni kigingi.

"Kila mtu hukaza," anasema Kasimiri, mwenye miaka thelathini na mmoja. "Na mie nilikuwa nikikaza. Nilidhani ndiyo kazi safi."

Mwenye mashua na gati, Bwana Hollis, alitaka kumfukuza kazi. Kasimiri akaomba ajaribu njia nyingine mara moja tu. Akakubaliwa kwa sharti: kigingi kikitoka tena, naye atoke.

Njia hiyo aliipata Mtoni kwa Bibi Mwanaheri, anayefukia makumbi kwenye tope la pwani miezi sita, kisha huyaponda na kuyasokota kamba. Kasimiri alikwenda kununua kamba ya kitanda chake.

"Nikamwamkia, shikamoo bibi, nataka kamba isiyovutika. Akanicheka. Akasema, mwanangu, lazima ivutike unapolala, ukiamka irudi, la sivyo kitanda kitavunjika. Nikaikumbuka mashua hapo hapo."

Meli inayosubiriwa leo inatoka Lindi, na ndani yake yumo mkewe, Yustina, wa Masasi. Hawajaonana miaka mitatu. Kasimiri alipaswa kuwa forodhani kumpokea.

"Asiponiona atadhani nimeoa mwingine," anasema, wala hacheki.

Meli inapita. Anaitazama mara moja, kisha anarudisha macho kwenye kamba. Maji yanainuka. Mashua inakwenda mbele, kamba ya makumbi inanyooka, inakonda, inalia, halafu inairudisha mashua polepole. Mara ya pili. Mara ya nne. Nazihesabu kwenye daftari langu.

Bwana Hollis anainama, anakitikisa kigingi. Hakichezi.

"Haya," anasema. "Zifunge zote hivyo."

Mashua zote za gatini ni kumi na mbili, na Bibi Mwanaheri hawezi kusokota kamba zote hizo peke yake. Kasimiri anataka Yustina akajifunze kwake, wapate kazi wote wawili mjini.

Lakini hayo ni ya kesho. Sasa ameomba ruhusa ya saa moja, na anajibu maswali yangu huku akitembea, karibu akimbie.

"Niache niwahi, ndugu mwandishi. Yustina hakijui chumba changu cha Chang'ombe. Katika mji mzima huu, anajua jina langu tu."